Picha za ndege hazitoki vizuri? Anza na kasoro, usianze na lenzi

Picha mbovu ya ndege huwa na alama ya kitu kilichoiharibu, na alama hiyo inasomeka. Wengi huitazama kwenye skrini ndogo ya kamera, wakaona haijakaa sawa, kisha wakabadilisha mipangilio mitatu kwa mpigo au wakaanza kuulizia bei ya lenzi ya milimita 600. Ifungue kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, kisha tafuta jambo moja tu: kuna kitu chochote ndani ya picha hii kilichotoka kikali? Jani, tawi, jiwe, hata majani ya chini? Jibu la hapo ndilo linalokuelekeza pa kwenda.

Vipimo vilivyomo humu ni vya vifaa ambavyo watazamaji wengi wa ndege wanavyo: kamera yenye sensa (bamba linalopokea mwanga) ya ukubwa wa APS-C, ndogo kuliko ya fremu nzima, ya megapikseli 24 na lenzi inayofika milimita 400. Wenye vifaa vingine wapandishe au washushe kidogo.

Picha nzima ina ukungu, hakuna kilicho kikali

Ukiona vinukta vya mwanga vimekuwa vistari, na vistari vyote vinalala upande mmoja, kwenye ndege na kwenye tawi sawasawa, basi kamera imetikisika. Kanuni ya zamani bado inafaa: kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera hubaki wazi, kwa sehemu za sekunde) isiwe chini ya 1 kugawanya kwa urefu wa lenzi kwa milimita. Kwa sensa ya APS-C zidisha urefu kwa 1.5 (Canon kwa 1.6). Milimita 400 zinakuwa 600, kwa hiyo usishuke chini ya 1/640. Hicho ni kiwango cha mwenye mkono mtulivu. Anayeanza aweke 1/1000 mpaka azoee. Mkono wa kushoto ushike lenzi kwa chini, mbele kabisa, viwiko viegemee kifuani. Kizuia mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi kinakusaidia wewe, hakimtulizi ndege.

Ndani ya gari, zima injini. Kupunguza mwendo na kuacha injini inguruma hakutoshi, maana mlango unatetemeka na lenzi imeegemea mlango. Shona mfuko wa kitambaa kizito, tia kilo 2 za maharage makavu, uweke juu ya ukingo wa dirisha, lenzi ilale juu yake. Usitie mchanga: chembe zake hupenya kwenye mshono na kuingia kwenye pete za lenzi.

Sababu ya pili ndiyo inayowafanya watu wasingizie vitu vingine kuliko zote: hewa yenye joto. Kingo za ndege zinakuwa za mawimbi, manyoya yanaonekana kama yamepigwa kupitia maji yanayochemka. Kipimo chake ni rahisi. Angalia picha kumi za mfululizo mmoja, mipangilio ileile, ndege ametulia tuli. Kama ukali unapanda na kushuka kutoka picha moja hadi nyingine, hiyo ni hewa. Lenzi iliyoharibika hukosea kwa namna ileile kila mara. Hewa haina msimamo. Ardhi ikishapata jua, kwa kawaida kuanzia saa 3 asubuhi, mvurugiko huanza juu ya lami, juu ya udongo mtupu wa Amboseli, juu ya nyika ya Athi, juu ya matope ya pwani maji yakitoka. Ndege aliye umbali wa mita 60 kutoka kwako, ng'ambo ya ardhi ya namna hiyo, hapigiki saa 6 mchana, hata uwe na lenzi ya bei ya gari. Hakuna kitufe cha kuondoa hali hiyo. Fika jua likichomoza, sogea karibu ili hewa iliyo kati yenu ipungue, au chagua ndege aliye upande wa kivuli, wa maji au wa majani mabichi.

Gari lenyewe huzalisha mvurugiko huu, jambo ambalo watu hulisahau. Kama umesafiri na kiyoyozi, ukishusha dirisha hewa baridi hutoka na kukutana na ya moto palepale mbele ya lenzi. Zima kiyoyozi, fungua madirisha yote, subiri dakika kama 10. Wala usipige picha juu ya boneti iliyotoka kupata moto.

Sababu ya tatu ni ya watu wa pwani. Ukitoka alfajiri kwenye chumba chenye kiyoyozi kule Watamu au Unguja, kioo cha lenzi kinafunikwa na mvuke mara moja. Kukifuta ni kazi bure, kinarudi. Usiku uliotangulia weka kamera ndani ya begi lililofungwa, nje ya chumba chenye baridi, au uliache begi limefungwa nje kwa nusu saa kabla ya kuanza kazi. Usibadilishe lenzi wakati huo, mvuke utaingia hadi kwenye sensa. Huko huko pwani, lenzi inayokaa kabatini wiki nyingi huota kuvu, nyuzi nyembamba nyeupe ndani ya vioo. Itunze kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika jeli, na uikaushe silika hiyo inapolowa. Begi la ngozi ndilo kabati baya kuliko yote.

Ya nne huchukua dakika moja kuithibitisha: vua filta ya UV. Filta ya bei rahisi mbele ya lenzi ndefu hula ukali waziwazi, na kazi ya kulinda kioo inafanywa vizuri zaidi na kofia ya lenzi (hood).

Kuna kitu kikali, lakini si ndege

Hapa mkono uko salama, hewa iko salama. Fokasi imekamata pasipostahili. Kwa lenzi ya milimita 400 kwenye f/5.6 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi; ikikua, mwanga unapungua), ndege akiwa mita 5, eneo linalotoka kali kwa kina ni sentimita 3 au 4 tu. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, akiwa amegeuka kidogo, mkia unakuwa nje na jicho ndani, au kinyume chake. Ndege huyo huyo akiwa mita 20, kina kinafika nusu mita, na makosa yanajificha.

Chanzo cha kawaida ni kuiachia kamera ichague yenyewe. Ikiona kichaka, inakamata tawi lililo karibu zaidi. Weka nukta moja, au kundi dogo la nukta, uliweke kwenye jicho. Kamera za siku hizi zinazotambua jicho la ndege hufanya kazi nzuri sana kwenye uwanja wazi, lakini ndani ya msitu ndege akiwa mdogo na nusu amefichwa, mfumo huo huruka kutoka tundu moja la mwanga hadi jingine. Huko uzime, urudi kwenye nukta moja. Kwa ndege anayeruka fanya kinyume: eneo pana, maana nukta moja huteleza ikashika mawingu.

Fokasi iwe ya kuendelea (AF-C, au AI Servo kwa Canon), hata kwa ndege aliyetua, kwa sababu tawi linayumba na wewe unayumba pia. Wenye uzoefu huihamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma cha kidole gumba, kidole cha shahada kikabaki na shata tu. Inachukua siku chache kuizoea, baadaye hutaki kurudi.

Lenzi ikizunguka huku na huku bila kushika, angalia mambo mawili. Kwanza, swichi ya umbali iliyo ubavuni mwa lenzi: ikiwekwa "mita 10 hadi mwisho" kwa ajili ya tai angani, haitamshika chozi aliyetua kwenye ua lililo mita 3 mbele yako. Pili, umbali wa chini kabisa wa lenzi yenyewe. Lenzi nyingi za 150–600 hazishiki kitu kilicho chini ya mita 2 na nusu hivi. Rudi hatua moja nyuma. Aliyefunga kikuzio cha 2x nyuma ya lenzi ya f/6.3 ana tatizo la tatu: sasa ana f/13, na mfumo wa fokasi unakosa mwanga wa kutosha. Kikuzio cha 1.4x kinavumilika, cha 2x kwa lenzi za namna hii ni kutupa pesa.

Kama fokasi inakosea kila mara kwa upande uleule, mbele au nyuma, na kamera ni ya zamani yenye kioo cha ndani, pima: gazeti kwenye meza, kamera kwenye stendi ya miguu mitatu ikiangalia kwa nyuzi 45, lenga mstari mmoja, ona ni mstari upi uliotoka mkali. Kamera nyingi za daraja la kati zina menyu ya kurekebisha tofauti hiyo.

Tawi kali, mwili mkali, mabawa na kichwa vimefifia

Ndege amesogea. Shata 1/500 inamtosha kulastara anayevizia samaki. Shore anayegeuza kichwa kila wakati anahitaji 1/1000. Yangeyange akiruka, 1/2000. Mbayuwayu na mdiria anayepiga mbizi, 1/3200 kwenda juu. Ikiwa mabawa yamepinda kwa namna isiyowezekana, umetumia shata ya kielektroniki isiyo na sauti. Rudi kwenye ya mitambo.

Kila kitu ni kikali, ila ukimkata ndege kutoka kwenye picha anabaki madoadoa

Hesabu inasema wazi. Ndege wa sentimita 12, akiwa mita 15, kwa lenzi ya milimita 400, anachukua pikseli 800 hivi kati ya 6000 za upana. Akiwa mita 30 anachukua 400, na hapo hakuna programu itakayorudisha manyoya. Akiwa mita 7 na nusu anachukua 1600, picha ya kuchapisha. Kutoka lenzi ya 400 kwenda ya 600 ni kuongeza nusu tu. Kutembea kutoka mita 30 hadi 15 ni kuongeza mara mbili, bila kulipa senti. Kwa hiyo swali la lenzi limegeuka kuwa swali la ndege anayekimbia, na hilo lina sehemu yake huko chini.

Mwanga na rangi

Ndege aliye juu ya mti, nyuma yake mawingu meupe, anatoka mweusi tititi. Kamera imepima anga. Ongeza fidia ya mwanga +1 hadi +2, ukubali anga ichomeke. Kinyume chake ni yangeyange kwenye kivuli cha mikoko: kamera inapima giza, inamwagia mwanga, manyoya yanakuwa bapa jeupe lisilo na mstari hata mmoja. Punguza −2/3 hadi −1 1/3. Weupe uliochomeka haurudi, hata kwa faili ya RAW (faili ghafi ya kamera). Weusi wa RAW hurudi kwa kiasi kikubwa.

Mnana na ndugu zake wa manjano wana mtego wao. Histogramu (grafu ya mwanga) ya kawaida inasema mambo ni sawa, ilhali rangi nyekundu na kijani za ndani zimeshafika mwisho, na kifua kinakuwa bapa la manjano. Fungua histogramu ya rangi tatu, punguza mwanga kwa theluthi mbili.

Chozi aliyetoka na rangi ya mkaa hana kosa la mwanga wala la kamera. Kijani na zambarau ya koo lake haitokani na rangi iliyo ndani ya manyoya; inatokana na umbo la unyoya lenye tabaka nyembamba linalorudisha mwanga kwa pembe fulani tu. Jua liwe mgongoni kwako, kisha subiri ageuze kifua. Katika mfululizo wa picha 8 mbili zitawaka na sita zitakuwa nyeusi, hiyo ndiyo hali yake.

Mwanga wetu wa karibu na ikweta unapanda haraka. Jua likichomoza saa 12:30, mwanga mtamu unakwisha kabla ya saa 3. Baada ya hapo vivuli vinaangukia chini ya nyusi za ndege na jicho linazama. Jicho lisilo na nukta ya mwanga hufanya hata picha kali ionekane imekufa.

Kuhusu chenga (vinukta vinavyochafua picha): mara nyingi hazitokani na ISO (kipimo cha wepesi wa sensa kwa mwanga) kubwa, zinatokana na ISO ndogo kwa woga. Mtu anabaki ISO 800 ndani ya msitu, picha inatoka giza, anaivuta mwanga nyumbani, chenga zinajaa. ISO 3200 iliyopata mwanga wa kutosha mara nyingi ni safi kuliko hiyo. Weka ISO ijichague yenyewe, kikomo 6400. Ndani ya Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani ya Kenya, chini ya miti iliyoshikana, hata hivyo utajikuta 1/200 kwenye f/6.3, hapo egemea mti, piga mfululizo mfupi, utegemee kwamba katika picha 20 mbili zitatoka kali. Kwenye sehemu yenye miti ya mirihi (Brachystegia) ya msitu huohuo, ambako mnana wa Clarke hupatikana, mwanga ni mwingi zaidi, ila ndege wako juu kabisa na shingo itakuuma.

Ndege anaruka kabla hujafika

Umemwendea moja kwa moja ukimkodolea macho, na hivyo ndivyo anavyokwenda mwindaji. Pita pembeni, kwa mshazari, macho chini, hatua tano kisha simama. Mtazame mwili: akiacha kula na kunyoosha shingo, umefika mpaka wake, simama mpaka arudie kula. Akijibana manyoya na kuinama mbele, ameshaamua kuruka, na hatua moja ya kurudi nyuma wakati mwingine humbakiza. Nguo nyeupe inakuonyesha kuliko unavyodhani. Khaki au kijani kilichopauka kinatosha, vazi la madoa ya kijeshi halihitajiki na katika nchi zetu linaweza kukuletea maswali ya askari.

Kusubiri kunashinda kunyemelea. Mkuyu uliozaa, kidimbwi kilichobaki wakati wa kiangazi, mshubiri uliochanua: kaa mita 8, upande ambao jua liko mgongoni, utulie nusu saa. Gari ni kibanda bora, ndege hawalihofii kama wanavyomhofia mtu wa miguu miwili, na kwenye hifadhi kama ya Nairobi huruhusiwi kushuka nje ya sehemu zilizotengwa. Zima injini mita chache kabla, ujisukume kwa mwendo uliobaki, mradi barabara ni tambarare na usukani haujifungi.

Pwani, tatizo la "wako mbali mno" huwa ni kosa la saa. Maji yakitoka, vitwitwi na sululu wanatawanyika kwenye matope mamia ya mita. Usiwafuate, utazama hadi magotini na watazidi kusogea. Maji yanapojaa yanawasukuma kwako. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani ya Kenya na Unguja hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Uwe umeketi chini, umetulia, kufikia saa 8 mchana, upande wa magharibi wa matope ili jua la alasiri likae mgongoni. Siku za maji mafu (maji madogo) saa huhama na matope hayafunikwi yote, hivyo ndege hawana haja ya kukusogelea. Wakishakusanyika kwenye kisiwa cha mwisho cha mchanga waache wapumzike. Kuanzia Machi wanajaza mafuta ya safari ya kwenda kaskazini, na kila wakirushwa wanachoma akiba hiyo.

Kuchezesha sauti ya ndege kwa simu ili aje: huja kwa sababu anadhani kuna mvamizi, anaacha kulisha makinda kuja kugombana na spika. Wakati wa kutaga usifanye kabisa. Na ukikuta ndege ana mdomo uliojaa wadudu lakini hamezi, anakusubiri wewe uondoke. Kiota kiko karibu nawe. Ondoka kwanza, picha baadaye kutoka mbali.

Darubini na simu

Picha mbili zisizoungana, na kichwa kuuma baada ya dakika chache: darubini imeanguka, vioo vya ndani vimehama. Hilo ni la fundi. Jicho moja safi na jingine lina ukungu: funika upande wa kulia, lenga kwa jicho la kushoto ukitumia gurudumu la katikati, kisha funika kushoto na usawazishe kwa pete iliyo kwenye kijicho cha kulia. Vivuli vyeusi vinavyopitapita: mwenye miwani ashushe vikombe vya macho, asiye na miwani avipandishe. Wanaonunua 10x (ya kukuza mara kumi) wakidhani ni bora kuliko 8x hugundua msituni kwamba inatikisika zaidi na inaona eneo dogo. Kwa kazi nyingi 8x42 (kioo cha mbele cha milimita 42) inatosha.

Kupiga kwa simu kupitia darubini kunatoa duara jeusi pembeni. Kuza kwenye simu hadi 2x, duara linatoweka. Shikilia kidole juu ya ndege kwenye skrini mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha buruta chini kupunguza mwanga.

Kamera imekwama katikati ya mfululizo

Kadi haimezi kwa kasi inayohitajika. Tumia yenye alama ya V30 au zaidi, piga vifungu vya picha 5 hadi 8. Kadi mpya ya bei ya kutupwa ijaze faili zote hadi mwisho, uzifungue, kabla ya kuiamini: kadi bandia huandika ukubwa wa uongo na kuanza kupoteza picha ikifika uwezo wake halisi.

Picha nzuri, jina hujui

Umepiga pembe moja tu, pengine ile ya kupendeza. Picha ya kwanza iwe ya ushahidi, hata iwe mbovu, kisha tafuta ubavu mzima, miguu, mgongo, na mkia ukiwa umekunjuliwa. Kwa ndege wa ufukweni, picha ya akiruka huonyesha kiuno na mstari wa bawa, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyoamua. Hakikisha saa ya kamera imewekwa sawa, asubuhi na jioni visibadilishane, maana kumbukumbu utakayoipeleka Kenya Bird Map au eBird, miradi inayokusanya kumbukumbu za ndege, itabeba saa hiyo. Vindege vya kahawia vya majanini, wale wanaoitwa sisticola, na majike ya minana usiwategemee kwa picha peke yake. Rekodi sauti kwa simu kwa sekunde 30, hata kama upepo unavuma, na uandike ndege alikuwa kwenye majani gani, umbali gani na maji.